Gazeti Hili Limeelezwa na Nani?

Kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba yenye redio moja, matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam yalikuwa kipindi kamili. Baba alisubiri taarifa ya habari, ile iliyotanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa. Bibi na mama walisubiri vifo. Mtangazaji alisoma bila haraka, kwa sauti isiyopanda wala kushuka: Bwana fulani wa Ngamiani, Tanga, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea jana usiku; mazishi yatafanyika leo saa kumi alasiri kijijini kwao, Muheza; habari ziwafikie kaka yake aliyeko Mwanza, shangazi yake wa Mombasa, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Nimekuja kuyafikiria sana matangazo yale baada ya kuwa mtu wa kuandika. Nadhani ndiyo yaliyowafanya watu wa mtaani kwetu waiamini redio, kuliko taarifa ya habari yenyewe. Taarifa ya habari ilizungumzia Angola, bei ya kahawa kwenye soko la dunia, wageni waliopokewa Ikulu. Nani mtaani angeyahakiki hayo? Kifo kilihakikiwa siku hiyohiyo. Ukisikia Bi fulani amefariki, unajitanda kanga unatoka, na ukifika unakuta majamvi yametandikwa, wanaume wako nje wanaulizana kama kaburi limeshachimbwa. Redio imesema kweli. Tena imesema kweli juu ya jambo ambalo wewe, bila cheo wala cheti, unaweza kulikagua kwa miguu yako. Miaka ikapita hivyo, na redio hiyohiyo ilipotaja Angola, watu walisikiliza.

Walisikiliza kwa mipaka, lakini. Kukiwa na tetesi za mapinduzi nchi jirani, au jambo linaloigusa serikali yenyewe, wazee walizungusha kitufe kuitafuta BBC, ambayo matangazo yake ya Kiswahili yalikuwa hewani tangu Juni 1957. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Waliiamini redio jambo kwa jambo: hili wanalijua vizuri, hili watatuficha, hili tusubiri la pili.

Ndiyo maana sishibi na ushauri wanaopewa waandishi wachanga siku hizi kuhusu kujenga imani ya wasomaji. Jenga jina. Weka picha nzuri. Taja shahada zako. Andika kila wiki. Havina ubaya, ila nimewaona watu wenye vyote hivyo na bado wasomaji wao hawawaamini hata kwenye bei ya nyanya. Mimi naona msomaji huanza kukuamini pale unapompa namna ya kukukamata: hili nimeliona mwenyewe, lile nimeambiwa na huyu, ilikuwa siku fulani mahali fulani, nenda kaulize. Ukijificha usikamatike unaweza kusomwa sana, ukapendwa, hata ukatajirika. Atakayekuja kukuuliza ushauri wa jambo la maana hutamwona.

Pwani yetu ina ushahidi wa zamani wa jambo hili, nami hushangaa kwa nini hatuutumii.

Chukua Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728. Bwana Mwengo bin Athumani anasimulia vita baina ya Waislamu na mfalme wa Rumi, mambo ya zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, kwenye nchi za mbali na kisiwa chake. Hakuwepo, na hajifanyi alikuwepo. Anaeleza ndani ya utenzi wenyewe kwamba kazi ameagizwa na mfalme wa Pate, wa ukoo wa Nabhani, na kwamba anakileta kwa Kiswahili kisa kilichokuwa katika Kiarabu. Msomaji anapewa mambo matatu: nani anasema, kayatoa wapi, na nani kamtuma. Hilo la tatu nitalirudia, maana ndilo linalotushinda zaidi.

Tenzi nyingi zilizofuata zikashika ada hiyohiyo. Mwishoni mtunzi hujitaja yeye na baba yake, hutaja mji wake, mwaka kwa hesabu ya Hijria, na mara nyingi idadi ya beti. Zamani nilidhani idadi ya beti ni madaha tu ya washairi. Lakini fikiria kazi inayonakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, ikisafiri kutoka Lamu hadi Mombasa hadi Unguja. Mnakili mmoja anaona hapa pangefaa sifa za babu yake, anachomeka beti mbili. Mwingine usingizi umemshika, anaruka moja. Mtunzi aliyetaja idadi ya beti amemwachia msomaji asiyemjua, wa mji ambao hatafika, njia rahisi ya kuhakiki: hesabu. Zikizidi au zikipungua, umwulize aliyekuletea nakala.

Na kuna Mwana Kupona binti Mshamu. Utenzi wake ni wosia kwa binti yake, Mwana Hashima, na wengi tumekariri vipande vyake bila kutazama ulivyopangwa. Mama haanzi na amri. Anamwita mtoto asogee, akae, aje na wino na karatasi. Anamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata kumwambia neno la maana. Akishaingia kwenye mambo ya unyumba ndipo anapotoa ushahidi wake: ameishi na baba yake binti huyo kwa furaha na kicheko, hawakuvunjiana heshima, na siku mauti yalipomjia mume alikariri kwamba yuko radhi naye.

Mume huyo hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said. Alifariki 1856, na utenzi una tarehe ya mwaka 1275 wa Hijria, ulioanza Agosti 1858. Maana yake ni kwamba mjane yule alikuwa anaitaja ndoa yake mbele ya watu walioijua: majirani, mawifi, watumishi wa nyumbani, maadui wa mume. Kama nyumba ile ilikuwa ya kelele kila usiku, Siyu nzima ingejua. Akaandika hivyohivyo, na mwishoni akataja jina lake na kwamba alizaliwa Pate.

Sasa, mengi anayomwambia binti yake kuhusu mume mimi siwezi kumwambia wangu. Nilimsomea siku moja, akaniuliza kama nina homa. Lakini sijapata kuwa na shaka kwamba mama yule anasema alichokiishi. Nalitaja hili kwa sababu waandishi wengi huchanganya kuaminiwa na kukubaliwa. Wanaogopa kupoteza wasomaji, wanaanza kuandika yale wasomaji wanayoyataka, na mwisho wake wanashangiliwa na watu ambao wasingewakopesha hata shilingi mia mbili. Msomaji anaweza kukupinga kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho na bado akajua kwamba humdanganyi. Wasomaji wangu wa maana ni wa namna hiyo.

Hemedi bin Abdallah al-Buhriy yeye alikuwa na kazi ngumu zaidi. Utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitwaa pwani ya bara, ulihusu mambo ya 1888 na 1889, ya Pangani, Saadani na Bagamoyo, na waliousikia kwanza ni watu wa Mrima hiyohiyo. Abushiri, aliyeongoza vita dhidi yao, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wapo waliosimama pale wakatazama. Ukiwasimulia watu vita vyao wenyewe, ukikosea mahali mashua ilipotia nanga, utachekwa msikitini Ijumaa inayofuata. Nadhani hakuna mhariri mkali kuliko huyo.

Linganisha na hii: “Chanzo cha kuaminika kililiambia gazeti hili kwamba…”

Nimehariri kazi za watu kwa miaka sasa, na sentensi hiyo huifuta karibu kila inaponijia. Cha kuaminika kwa nani? Anayepaswa kuamua ni msomaji, naye amenyimwa kila kitu cha kuamulia. Wanafuata ndugu zake: imeelezwa kuwa, inadaiwa kwamba, wataalamu wanasema, utafiti unaonyesha. Nani ameeleza? Wataalamu wa nini, walisemea wapi? Utafiti ulifanywa kwenye taasisi ya utafiti ya Ifakara au ulifanywa kwenye kijiwe cha kahawa? Mara nyingi mwandishi mwenyewe anajua majibu. Anaacha kuyaandika kwa sababu anaona “wataalamu wanasema” ina uzito kuliko “mganga mkuu wa zahanati ya pale kijijini aliniambia”. Kwangu ni kinyume kabisa. Mganga wa zahanati naweza kumfuata. Wataalamu sijui wanakaa wapi.

Kuna wakati kweli mtu hawezi kutajwa. Atafukuzwa kazi, au atafuatwa nyumbani kwake. Magazeti yetu yana kauli ya zamani kwa ajili hiyo: “ambaye hakutaka jina lake litajwe kwa kuwa si msemaji.” Watu huicheka. Mimi naiheshimu, maana angalau inatoa sababu. Ongeza kidogo tu, kwamba mtu huyo alikuwa ndani ya kikao, au kwamba hati anayoizungumzia ameishika mkononi, na tayari msomaji ana kitu cha kupimia. “Mpakiaji wa bandarini aliyekuwa zamu usiku ule” ni mtu. Chanzo hana mama.

Kinyume kabisa cha utenzi wa Pate ni ule ujumbe wa WhatsApp unaoanza na “daktari bingwa wa hospitali kubwa ametahadharisha” na kuishia na “watumie uwapendao”. Hauna jina, hauna mji, hauna tarehe, kwa hiyo kila mwaka unarudi mpya. Umeundwa hivyo ili ukitaka kuuliza usijue pa kuanzia. WhatsApp wenyewe waliona mambo yanawazidi: Januari 2019 wakaweka kikomo duniani kote, ujumbe usisambazwe zaidi ya sehemu tano kwa mara moja, na Aprili 2020, corona ikiwa imepamba moto, ule uliokwisha kuzunguka sana ukabaki wa kutumwa sehemu moja moja. Hawakuweza kuufanya uwe wa kweli, wakaupunguza mwendo. Kwenye kundi la familia yetu nikiuliza “hii mmeitoa wapi?” hujibiwa na shemeji yangu kwa methali ambayo natamani istaafu: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sijui ni uwongo gani ambao methali hiyo isingeubeba.

Sasa niseme la ufundi, maana kutaja majina na tarehe peke yake hakutoshi.

Si zamani sana kijana mmoja alinitumia makala ndefu kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kigoma. Kijana ana kipaji, sentensi zake zinatembea. Alianza na usiku: mwezi mpevu umeangaza Ziwa Tanganyika kama mchana, mitumbwi imetawanyika, kila mmoja na taa zake, wavuvi wanavuta nyavu zilizojaa na kuimba. Niliisoma mara mbili kwa uzuri wake, kisha nikampigia simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Usiku huu ulikuwepo?”

Akanyamaza kidogo. “Nilikuwa Kibirizi mchana, mama. Usiku nilielezwa.”

“Ulielezwa na mvuvi?”

“Nilielezwa tu kwamba wanavua usiku, kwa taa.”

Ni kweli wanavua usiku kwa taa. Dagaa hufuata mwanga. Gizani taa inawakusanya karibu na mtumbwi, ndipo wavu ufanye kazi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Lakini mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa yako haina cha kuwaonyesha dagaa. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika, wanashona nyavu, wanatengeneza injini, wanakopa dukani. Hesabu ya giza na mbalamwezi ndiyo hesabu ya kipato chao. Mama anayeuza dagaa sokoni, hata kama hajawahi kupanda mtumbwi, anaijua hesabu hiyo kwa sababu mzigo huadimika kwa zamu.

Kwa hiyo aya ile nzuri ilikuwa inamwambia kila mtu wa Kigoma, wa Mwanza, wa Mafia, kwamba huyu mwandishi hakuwepo. Na chini yake kulikuwa na kazi halisi! Alikuwa amezungumza na wachuuzi mwaloni, amekusanya bei za ndoo, ameuliza mafuta ya injini yanagharimu kiasi gani kwa safari. Yote hayo mvuvi asingeyafikia. Angeishia kwenye mwezi, angesema “porojo”, angefungua kitu kingine. Msomaji hukupima kwanza kwenye kile anachokijua yeye. Ukifaulu pale ndipo anakupa ruhusa ya kumwambia asichokijua. Na wewe huwezi kujua mapema ni msomaji gani anajua nini, kwa hiyo hakuna aya ya kupamba tu.

Alirudi kwa watu wake kwa simu, akauliza upya. Makala ilipokuja tena ilianza mchana, kipindi cha mbalamwezi, wanaume wamekaa mchangani na sindano za nyavu, wawili wanabishana deni la unga ni la nani. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Mvuvi angeimaliza.

Hapa watu huniuliza kama ninamaanisha kila mwandishi afike kila mahali. Hapana, pesa hiyo nani anayo. Andika kwamba ulikuwa Kibirizi mchana na usiku umesimuliwa. Msomaji hana shida na hilo hata kidogo. Bwana Mwengo hakuwa Tabuki, kwenye vita alivyovisimulia.

Nirudi basi kwa yule mfalme wa Pate, aliyeagiza utenzi na akatajwa kwamba ndiye aliyeagiza.

Kwenye mikutano na waandishi wa habari huku kwetu kuna bahasha. Wenye adabu huiita nauli, maofisini huiita posho, vijana huiita mshiko. Sitaki kuwahukumu wenzangu wa mikoani ambao wengi hulipwa kwa habari iliyochapishwa, ikitupwa kapuni hawana kitu, na wamepanda bodaboda kwa pesa zao. Ninachojua ni kwamba msomaji ameshaijua bahasha siku nyingi. Akisoma habari ya uzinduzi yenye sifa kuanzia juu mpaka chini, anasema “hawa wamekula”, anafunua ukurasa. Kwa hiyo hata siku ambayo kweli hakuna aliyekula, na mradi kweli ni mzuri, habari hiyo haiaminiki.

Mtandaoni hali ni hiyohiyo kwa nguo nyingine. “Nimelala kwenye hoteli hii Nungwi na nimeipenda sana.” Nani alilipia chumba? Ukiandika sentensi moja juu kabisa, “safari hii imelipiwa na wenye hoteli,” hupotezi msomaji. Anasoma sifa zako na kutoa kiasi chake, kama muuza samaki anavyotoa uzito wa beseni kwenye mzani, na kinachobaki anakichukua kwa moyo mweupe. Usipoandika, atahisi mwenyewe, na mtu anayehisi hutoa kingi kuliko kilichopo. Niliwahi kuwaambia hivyo vijana kwenye semina, mmoja akasema wenye hoteli hawatapenda. Nikamwambia hilo nalo ni la kuandika.

Mwaka 2011 ulitupima sote. Kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa dawa ya kikombe kimoja kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba inatibu kisukari, saratani, UKIMWI na mengineyo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenye barabara ya vumbi. Wapo wagonjwa waliofia njiani. Hakuna chombo cha habari ambacho kingeweza kukaa kimya.

Nakumbuka habari za aina mbili. Kuna zilizosema wamepona. Mtu amekunywa jana jioni, leo asubuhi ameandikwa kwamba kisukari kimeondoka. Hilo hakulijua mwandishi, wala mgonjwa mwenyewe, wala lisingejulikana bila vipimo na muda. Na kuna zilizosema: foleni inaanzia hapa, kikombe ni bei hii, huyu mama ametoka mkoa huu, amesema anaumwa hiki, ameambiwa arudi nyumbani asubiri. Aina ya pili ilionekana baridi wakati ule. Majirani walitaka ile ya kwanza, na magazeti yenye ile ya kwanza yaliisha mezani mapema. Foleni ilipokwisha, na ilikwisha, aina ya kwanza ilibaki ikidaiwa na watu walioacha dawa zao. Ile ya pili unaweza kuisoma leo, baada ya Babu mwenyewe kufariki 2021, na bado kila neno lake limesimama, uwe ulikiamini kikombe au hukukiamini.

Liko pingamizi moja ambalo siwezi kulipita haraka. Nikisema mwandishi akamatike, mtu wa nchi zetu anasikia neno “kukamatwa” kwa sikio jingine, na ana haki. Mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu asajiliwe na alipie leseni. Ukijumlisha ada za mwanzo ilikuwa zaidi ya shilingi milioni mbili. Kuna watu walifunga blogu zao kwa sababu ya ada tu, kabla hata ya kufikiria kingine. Serikali ilitaka majina, na ilisema ni kwa ajili ya uwajibikaji.

Lakini kukamatika kwa polisi na kukamatika kwa msomaji ni vitu viwili. Msomaji hahitaji namba ya kitambulisho chako. Anahitaji jina lisilohama. Angalia kurasa za mashairi. Tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, mpaka kurasa za ushairi za magazeti ya leo Kenya na Tanzania, washairi wametumia lakabu: Malenga wa mahali fulani, Mwana wa fulani, na chini yake mji. Wasomaji wengi hawakujua sura yake wala kazi yake. Walijua kwamba huyu ndiye aliyesema hivi mwaka jana kuhusu mahari, na kwamba akibadili maneno mwaka huu atakumbushwa kwa beti sita. Lakabu iliyokaa miaka ishirini ina uzito kuliko jina kamili na picha ya pasipoti vilivyofunguliwa ukurasa wiki iliyopita. Anayenitia wasiwasi ni yule anayekuja kila mwezi na jina jipya, akiwa na jambo lilelile mkononi.

Na jina lisilohama lina gharama yake, nayo ni kujibiwa. Muyaka wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga mashairi ya kuwachokoza watu wa Lamu wakati miji hiyo miwili ikiwa na uhasama, na Lamu wakajibu. Alitunga akijua shairi litavuka bahari na jingine litarudi. Kwenye malumbano ya ushairi anayejibu hulazimika kufuata bahari, yaani aina ya shairi, na mara nyingi vina vya aliyemchokoza, maana yake lazima kwanza akusome sawasawa, mpaka silabi za mwisho. Nawaonea wivu. Siku hizi mtu anakujibu akiwa amesoma kichwa cha habari tu.

Wapo bado wanaosoma mpaka mwisho. Nina mzee mmoja wa Pangani ambaye kila nikiandika jambo la mji wake hunitumia ujumbe wenye maneno yaleyale: “Mwanangu, umeambiwa na nani?” Hana salamu, salamu huja baadaye. Mwanzoni nilikuwa namwandikia maelezo marefu. Siku hizi, mtu niliyezungumza naye akikubali, namtumia mzee namba yake ya simu. Makala yangu kuhusu mashua zilizokuwa zikichukua mkonge ilipotoka, nilifanya hivyo: nikamtumia namba ya mzee mwenzake, baharia wa zamani aliyenisimulia. Wakapigiana. Kumbe walikuwa wakijuana kwa sura. Wiki iliyofuata nilipompigia kumuuliza wamefikia wapi, akaniambia nisiwaingilie, bado wanabishana kama mashua zilikuwa zikitia nanga upande wa mji au ng’ambo, Bweni, na kwamba baharia amekwenda kumtafuta mtu wa tatu.